Gli uomini, che mascalzoni... (1932): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa nimekusanya maswali ambayo watu huuliza wanapokutana kwa mara ya kwanza na filamu hii ya Mario Camerini, pamoja na majibu yangu. Nimeitazama mara nyingi na ninaipenda kwa dhati, kwa hiyo usishangae nikikawia mahali fulani na kupita haraka mahali pengine.

Hii ni filamu gani hasa?

Ni filamu ya Kiitaliano ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye sauti, iliyotoka mwaka 1932. Iliongozwa na Mario Camerini na kutengenezwa na kampuni ya Cines ya Roma. Ina urefu wa saa moja na dakika chache tu. Wahusika wakuu ni Vittorio De Sica, anayeigiza kijana dereva aitwaye Bruno, na Lya Franca, anayeigiza Mariuccia, msichana anayeuza katika duka la manukato. Jina la filamu ni kama mtu aliyekasirika anayetikisa kichwa: "Wanaume, wahuni wakubwa!" Hayo ni maneno ya msichana aliyeudhiwa, na filamu nzima inamwonyesha kijana akihangaika kuyafuta.

Hadithi yake inahusu nini? (Nitaeleza mpaka mwisho.)

Alfajiri, mjini Milano. Dereva teksi wa makamo, mzee Tadini, anarudi nyumbani baada ya kukesha barabarani. Binti yake Mariuccia ndiyo kwanza anajiandaa kwenda kazini. Baba anafanya kazi usiku, binti mchana, na wanapishana hapo nyumbani kama watu wa zamu. Hakuna anayekueleza lolote kuhusu hali yao ya maisha, lakini dakika chache zikipita umeshaielewa: mapato ya kubahatisha, heshima kubwa, na baba anayemlinda binti yake hata akiwa na usingizi.

Njiani Mariuccia anaonekana na Bruno. Kijana anampenda hapo hapo, na msichana anapopanda tramu yeye anaifukuza kwa baiskeli, akipenya katikati ya magari na kumchekea dirishani. Mariuccia hataki kuonekana ameguswa. Wasichana wenzake wana macho ya kutambua nani ana gari na nani hana, na kijana wa baiskeli hana nafasi hapo. Basi Bruno anafanya jambo ambalo madereva wengi wa kuajiriwa duniani wamewahi kulifikiria: anachukua gari la tajiri yake bila ruhusa, anajifanya ni lake, na anamchukua binti kwenda matembezini kwenye maziwa ya kaskazini mwa Milano.

Huko wanakula kwenye mkahawa wa kijijini, wanacheza muziki, na Bruno anamwimbia. Mambo yakiwa yamenoga, anatokea mke wa tajiri. Gari analijua, dereva anamjua, na anataka kurudishwa mjini sasa hivi. Bruno hawezi kukataa wala kueleza. Anamwacha Mariuccia mezani, bila hela ya kulipia chakula, akidhani kwamba atakwenda na kurudi haraka. Katika kukimbiza gari ili amrudie, anapata ajali. Kazi imekwisha. Msichana naye anabaki na wenye mkahawa, akiamini ametelekezwa na mhuni.

Sehemu ya pili ni ya kutafutana na kukoseana. Bruno anahangaika na kazi, Mariuccia ana hasira lakini bado anampenda. Wanakutana tena kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya Milano, ambako Mariuccia anafanya kazi na ambako anamsaidia Bruno kupata kibarua. Wivu unaingia kati, kila mmoja anajifanya yuko na mwingine. Mwisho wanapatana ndani ya teksi usiku, wakizungumza yote ya moyoni, bila kujua kwamba dereva aliye mbele yao ni mzee Tadini mwenyewe. Ukitazama pamoja na watu wengine utasikia wote wakicheka kwa pamoja, kwa sababu mtazamaji anagundua kabla ya wao.

Kwa nini huitwa filamu ya vichekesho na ya masikitiko kwa wakati mmoja?

Kwa sababu kila kichekesho ndani yake kina gharama. Bruno akidanganya kuhusu gari tunacheka, lakini uongo huo unamgharimu kazi katika miaka ambayo kazi zilikuwa adimu, kwani mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulikuwa umeifikia Italia pia. Mariuccia akibaki peke yake mkahawani, Camerini hafanyi mzaha. Anampa muda. Tunamwona akisubiri, akitazama njia, akihesabu moyoni baba atasema nini. Ni tukio dogo sana, na mimi huliona kuwa ndilo linalobeba filamu yote, maana hapo kichekesho kinaonyesha ni nani anayelipa.

Waitaliano walikuwa na mazoea ya vichekesho vya jukwaani, vya milango kufunguliwa na kufungwa na watu kujificha kabatini. Camerini alitumia mbinu zile zile za kukoseana, ila akazitia mikononi mwa watu wanaoamka mapema kwenda kazini.

Je, hii ndiyo filamu ya kwanza ya sauti ya Italia?

Hapana. Hiyo ni La canzone dell'amore ya Gennaro Righelli, iliyotoka Oktoba 1930, ikiwa na msingi kwenye hadithi fupi ya Luigi Pirandello. Alessandro Blasetti alikuwa amepiga yake, Resurrectio, kabla ya hiyo, lakini ikacheleweshwa na kutoka 1931.

Basi sauti iliingiaje kwenye sinema ya Italia?

Kwa shida na kwa haraka pamoja. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Italia ilikuwa mojawapo ya nchi kubwa za sinema, ikiuza filamu zake za kihistoria zenye majeshi na mahekalu dunia nzima. Miaka ya 1920 sekta hiyo ikaanguka vibaya. Studio zikafungwa, waongozaji na waigizaji wakakimbilia Berlin na Paris, na kumbi zikajaa filamu za Marekani.

Mfanyabiashara Stefano Pittaluga, aliyekuwa na mtandao mkubwa wa kumbi, ndiye aliyeamua kuweka fedha. Aliichukua Cines, akafufua studio zake za Via Veio mjini Roma na kuziwekea mitambo ya kurekodi sauti. Hapo ndipo La canzone dell'amore ilipotengenezwa, pamoja na matoleo yake ya Kijerumani na Kifaransa, kwa kuwa wakati huo njia mojawapo ya kuuza filamu ya sauti nje ilikuwa kuipiga upya kwa lugha nyingine. Pittaluga alifariki mwaka 1931 na hakuona matunda ya kazi hiyo.

Upande wa pili ulikuwa siasa. Mwaka 1930 serikali ya Mussolini ilikataza filamu zenye mazungumzo ya lugha za kigeni. Matokeo yake ni kwamba filamu za Marekani zilionyeshwa zikiwa na muziki na vishindo, lakini maneno yameondolewa na kuwekewa maandishi kati ya picha. Watu walilipa kuona filamu ya sauti wakaishia kusoma. Hali hiyo iliendelea mpaka kazi ya kuingiza sauti za Kiitaliano ilipoanza kwa nguvu kuanzia 1932, na mwaka 1933 ikaamriwa kwamba kazi hiyo lazima ifanyike ndani ya Italia.

Ukiyajua haya, utaelewa hamu waliyokuwa nayo Waitaliano ya 1932. Kumsikia kijana wa kwao akitaniana na msichana kwa lugha yao, kwenye mtaa wanaoujua, lilikuwa jambo jipya kabisa.

Mario Camerini ni nani?

Alizaliwa Roma mwaka 1895 na akafariki 1981. Aliingia kwenye sinema akiwa kijana kupitia kwa binamu yake, mwongozaji Augusto Genina. Kazi yake ya kwanza kusifiwa sana ni Rotaie, filamu bubu ya 1929 kuhusu vijana wawili maskini wanaopata fedha ghafla na kupotea katika anasa. Iliongezewa sauti na kuonyeshwa tena 1931. Katikati ya hapo alifanya kazi Joinville karibu na Paris, kwenye studio ambako kampuni ya Paramount ilikuwa ikipiga filamu moja katika lugha nyingi, mara nyingi katika mandhari yale yale na kubadilisha waigizaji tu. Kazi ya aina hiyo haina sanaa kubwa, lakini ilikuwa mahali pazuri pa kujifunza vifaa vya sauti.

Kinachomtofautisha Camerini ni mwendo wake mwepesi. Hapigi kelele, hashikilii tukio likishatoa kilichomo, na ana jicho kali la kuona watu wa kazi za chini wanavyojiweka mbele ya wenye uwezo: namna ya kushika kofia, ya kufungua mlango wa gari, ya kusubiri kuambiwa keti.

Ni kweli filamu hii ndiyo iliyomfanya Vittorio De Sica kuwa nyota?

Ndiyo. De Sica alizaliwa Sora mwaka 1901, akaanza jukwaani miaka ya 1920 katika kundi la Tatiana Pavlova, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 alikuwa akijulikana kwa michezo ya nyimbo na vichekesho, hasa katika maonyesho ya Za-Bum ya Mario Mattoli. Kwenye filamu alikuwa bado hajapata mahali pake. Bruno ndiye aliyempa.

Mwangalie anavyoendesha baiskeli kando ya tramu. Mwili wake wote unacheka. Ana suti safi lakini si ya gharama, ana majivuno ya kijana anayejua kwamba sura yake inapendeza, na papo hapo unaona hofu yake ya kugundulika kuwa hana kitu. Waigizaji wengi wa jukwaani walipoingia kwenye filamu za sauti walipaza maneno kama wanamsemesha mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. De Sica aliongea kawaida. Anameza maneno, anasitasita, anacheka katikati ya sentensi.

Baada ya hapo aliigiza tena kwa Camerini katika filamu kama Darò un milione ya 1935, Il signor Max ya 1937 na I grandi magazzini ya 1939, karibu zote zikiwa na kijana wa hali moja anayejifanya wa hali nyingine. Kuanzia 1940 akaanza kuongoza yeye mwenyewe, na wengi leo wanamfahamu kwa filamu alizoongoza baada ya vita.

Na wimbo ule?

Parlami d'amore Mariù. Muziki ni wa Cesare Andrea Bixio, maneno ni ya Ennio Neri. Bixio ndiye pia aliyeitungia nyimbo La canzone dell'amore, kwa hiyo sauti ya sinema ya Italia tangu siku ya kwanza ilikuja na muziki wake.

Ndani ya filamu, Bruno anamwomba Mariuccia amzungumzie mapenzi, na jina la msichana limefupishwa kuwa Mariù. De Sica hana sauti kubwa. Anaimba karibu na sikio, kama mtu anayemwimbia mmoja tu, na tukio zima limepangwa hivyo. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu kinasasauti kiliruhusu jambo ambalo jukwaa halikuliruhusu: mwimbaji asiyehitaji kuujaza ukumbi kwa mapafu yake. Wimbo ulienea nchi nzima, ukaimbwa na wengine wengi, na miongo kadhaa baadaye Luciano Pavarotti aliurekodi kwa sauti yake kubwa ya opera. Sikiliza matoleo yote mawili moja baada ya jingine. La Pavarotti ni zuri, lakini la De Sica ndilo linalomfanya Mariuccia aamini uongo wa gari.

Kwa nini watu husifu sana upigaji picha wa Milano?

Kwa sababu karibu kila mtu wakati huo alijifungia studio. Kamera za filamu za sauti zilikuwa zikinguruma, ikabidi zifunikwe au ziwekwe ndani ya vibanda vizito ili mashine ya sauti isinase mngurumo wake. Kutoka nazo barabarani ilikuwa kazi kubwa. Filamu nyingi za 1930 na 1931, za Italia na za kwingine, zinaonyesha watu wakisimama sebuleni wakiongea.

Camerini alitoka. Alikwenda Milano na kupiga picha kwenye mitaa halisi: tramu halisi, asubuhi yenye watu wachache, madirisha ya maduka, baiskeli zikipishana na magari. Safari ya maziwani inapita katika eneo ambalo tayari lilikuwa na barabara ya magari pekee, iliyofunguliwa 1924 kutoka Milano kuelekea Varese, miongoni mwa barabara za kwanza za aina hiyo duniani. Kwa mtazamaji wa wakati ule, kumpeleka msichana kwa gari mpaka kwenye maziwa ilikuwa ndoto ya kisasa kabisa, na ndiyo maana uongo wa Bruno unafanya kazi.

Kisha kuna Fiera Campionaria, maonyesho ya biashara ya Milano yaliyoanza mwaka 1920. Fikiria Sabasaba ya Dar es Salaam: mabanda, mashine mpya, vipaza sauti, wasichana wakigawa sampuli, watu wamevaa vizuri wakizunguka kutazama zaidi ya kununua. Camerini aliingiza waigizaji wake katikati ya zogo hilo. Sauti hapa inakuwa sehemu ya hadithi, kwa kuwa wapenzi wawili waliokosana wanalazimika kusikilizana mahali ambapo kila banda linapaza kelele zake. Hili ndilo ninalotaka mtazamaji mpya alione kuliko yote: filamu hii inatumia sauti kuonyesha mji, pale ambapo wenzake waliitumia kuonyesha kwamba mwigizaji anaweza kuongea.

Wapigapicha walikuwa Massimo Terzano na Domenico Scala. Mandhari yalisanifiwa na Gastone Medin.

Waigizaji wengine je?

Lya Franca ana utulivu ambao unazuia filamu isimezwe na De Sica. Hajipambi. Akikasirika, anakasirika kama mtu mwenye kazi kesho asubuhi. Ni jambo la kusikitisha kwamba jina lake halikudumu kwenye sinema kama la mwenzake. Cesare Zoppetti, mzee Tadini, ni mmoja wa wale waigizaji ambao wakiingia tu unajua wana maisha nje ya picha.

Je, ni filamu ya propaganda ya Mussolini?

Swali hili linastahili jibu refu, na si la ndiyo au hapana.

Ndani yake hakuna kaulimbiu, hakuna sare za chama zinazotukuzwa, hakuna hotuba. Mwaka 1932 serikali ilikuwa bado haijaishika sinema kwa mkono wote. Ilikuwa imeunda taasisi ya LUCE miaka ya 1920 kwa ajili ya filamu za habari, na sheria ya 1931 ilianza kuwapa fedha watengenezaji wa nyumbani, lakini ofisi kuu ya kusimamia sinema, chini ya Luigi Freddi, ilianzishwa 1934, na studio za Cinecittà zilifunguliwa Aprili 1937. Cines ya wakati huu, baada ya Pittaluga, ilikuwa na mkuu wa uzalishaji aliyekuwa mhakiki wa fasihi, Emilio Cecchi, mtu aliyeleta waandishi na wasanii kwenye studio.

Hata hivyo filamu haiko nje ya zama zake. Maonyesho ya Milano yanaonyesha Italia ya viwanda, safi na yenye matumaini, jambo ambalo hakuna afisa angelikataa. Na hadithi inamrudisha kila mtu mahali pake: dereva anaoa binti wa dereva, ndoto ya gari la kifahari inakwisha ndani ya teksi. Wahakiki wengi wameona humo ushauri wa kutosheka na ulichonacho. Mimi naona uzito wa hoja hiyo, ila nadhani inasahau hasira iliyomo. Tajiri na mke wake wanaweza kuvuruga maisha ya vijana wawili kwa kutaka tu kurudishwa nyumbani, na Camerini hawapambi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kujua pia kwamba mwongozaji huyu huyu alitengeneza Il grande appello mwaka 1936, filamu iliyoandamana na vita vya Italia dhidi ya Ethiopia. Hiyo ni propaganda bila shaka yoyote. Upole wa filamu ya 1932 haufuti jambo hilo, na kazi ya 1936 haigeuzi ya 1932 kuwa kitu isichokuwa. Yote mawili ni ya mtu mmoja na yanafaa kujulikana pamoja.

Nani waliandika filamu hii?

Camerini mwenyewe, Aldo De Benedetti na Mario Soldati. Soldati, mzaliwa wa Torino, alikuja kuwa mwandishi wa vitabu na mwongozaji anayeheshimika sana.

De Benedetti ndiye ningependa umkumbuke. Alikuwa mtunzi wa michezo ya vichekesho, fundi wa mazungumzo mepesi yanayokwenda kama mpira, na alikuwa Myahudi. Serikali ilipotoa sheria za ubaguzi wa rangi mwaka 1938, jina lake lilizuiwa kuonekana. Aliendelea kuandikia filamu kwa siri, bila kutajwa. Ukitazama vichekesho vya Kiitaliano vya miaka hiyo ya mwisho kabla na wakati wa vita, huenda unamsikia yeye na jina lake halipo popote kwenye skrini.

Ilionyeshwa wapi kwanza, na ilipokelewaje?

Ilikuwa mojawapo ya filamu za Italia kwenye onyesho la kwanza kabisa la filamu la Venezia, Agosti 1932, lililofanyika kwenye baraza la hoteli ya Excelsior kisiwani Lido. Mwaka huo hakukuwa na jopo la majaji wala tuzo rasmi kama ilivyo leo. Watazamaji waliulizwa maoni yao. Ilipendwa, na ilipoingia kwenye kumbi za kawaida De Sica akawa kipenzi cha nchi.

Kuna uhusiano gani kati yake na neorealismo?

Neorealismo ni mkondo wa filamu za Italia za miaka ya 1940, uliotoka mitaani kuonyesha maisha ya watu wa kawaida baada ya vita. Ni rahisi kusema kwamba Camerini aliupanda mbegu, na kuna ushahidi: mitaa halisi, kazi kama kiini cha hadithi, baiskeli kama chombo cha mtu asiye na gari. Mwaka 1948 De Sica aliongoza Ladri di biciclette, ambamo baiskeli ikiibwa familia nzima inatikisika. Miongoni mwa waandishi wake alikuwa Suso Cecchi d'Amico, binti wa Emilio Cecchi yule yule wa Cines. Na Cesare Zavattini, mwandishi mkuu wa De Sica baada ya vita, alikutana naye kupitia Darò un milione ya Camerini.

Lakini tofauti ni kubwa. Mwaka 1932 kukosa kazi ni kikwazo ambacho mapenzi yanakiruka. Mwaka 1948 hakirukiki. Ningeshauri usiitazame filamu hii kama mazoezi ya kitu kikubwa kilichokuja baadaye; ina ukamilifu wake.

Je, ni miongoni mwa filamu za "simu nyeupe"?

Hapana, ingawa mara nyingi huwekwa kapu moja. Jina hilo walipewa vichekesho vya Kiitaliano, hasa vya nusu ya pili ya miaka ya 1930, vyenye nyumba za kifahari na simu nyeupe kama alama ya utajiri, vingi vikiwa vimetokana na michezo ya Hungaria. Nyumbani kwa Tadini hutaona simu ya rangi hiyo.

Sielewi Kiitaliano. Nitaambulia kitu?

Utaambulia kingi. Camerini alitoka kwenye filamu bubu na bado alifikiri kwa picha: tukio la baiskeli na tramu halihitaji neno hata moja, na subira ya mkahawani vilevile. Ukisoma muhtasari nilioutoa juu kisha ukatazama, utafuata. Utakachokosa ni utani wa haraka kati ya De Sica na wenzake, na huo manukuu ya lugha unayoijua yatakusaidia ukiyapata. Kuwa tayari kwa sauti yenye mikwaruzo, kwani teknolojia ya kurekodi ilikuwa changa. Tumia spika nzuri au visikizio, hasa kwenye wimbo.

Nimeona filamu yenye jina hilo hilo lakini De Sica hayumo. Nimekosea?

Umepata toleo la 1953 la Glauco Pellegrini, lenye Walter Chiari na Antonella Lualdi. Lina mvuto wake, lakini ni Italia nyingine. Hakikisha mwaka na jina la Camerini kabla ya kupakua.

Inafaa kutazamwa na familia?

Kabisa. Hakuna vurugu wala picha za aibu. Watoto wakubwa hufurahia kufukuzana kwa baiskeli na ile teksi ya mwisho, na mabinti huwa na maoni makali kuhusu kama Bruno alistahili kusamehewa.

Nikiipenda, nitazame ipi baada yake?

Anza na Il signor Max, ambamo De Sica ni muuza magazeti anayedhaniwa kuwa mtu wa tabaka la juu. Ni kazi iliyokomaa zaidi ya Camerini, ina makali zaidi, na swali lake la kujifanya usiyekuwa linatokana moja kwa moja na gari la Bruno. Kisha tafuta Treno popolare ya Raffaello Matarazzo, ya 1933, kuhusu watu wa kawaida wa Roma wanaopanda treni ya bei nafuu kwenda Orvieto siku ya mapumziko. Ilipigwa nje pia, ina uhai ule ule, na ndiyo filamu ya kwanza ambayo Nino Rota aliitungia muziki.